Fungu la Tatu la Kilomita Kumi na Sita

Jumamosi iliyopita wajukuu wangu walikaa uani wakipanga safari ya baiskeli. Walitaka kufuata njia ya reli kuelekea Kipushi, walale huko usiku mmoja, warudi kesho yake. Mmoja alikuwa anatia kiraka kwenye mpira wa ndani, na harufu ya ile gundi ikanifikia pale nilipokaa. Nikajikuta nimewaambia kwa sauti kali, "Kama munaenda, mwende leo." Walicheka. Walidhani muzee amechoshwa na kelele zao. Wao hawakuniuliza kwa nini, basi acha nikueleze wewe.

Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaire. Baba alikuwa mfanyakazi wa shaba, na king'ora cha kiwandani ndicho kilichokuwa saa ya mtaa mzima. Kikilia, akina mama waliweka maji ya bukari, ugali wetu, kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa. Tuliishi na nkambo, mama wa mama yangu, mwanamke mfupi aliyenuka moshi na karanga za kukaanga. Mumewe alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kutunza tawi dogo lililochepuka kutoka njia ya Kipushi na kwenda kwenye machimbo ya mawe, na nyumba yao ya matofali ilikuwa Kilomita Kumi na Sita, porini kabisa. Huko nkambo alizaa mtoto wake wa kwanza, na huko alimzika kabla hajajifunza kutembea, nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu kikubwa.

Baadaye machimbo yalifungwa na vyuma vikang'olewa. Ilibaki njia ya kokoto iliyoinuka kidogo, imenyooka kati ya miti, tambarare kama meza. Nkambo alihamia kwetu mjini baada ya kufiwa na mumewe, lakini kila kiangazi alirudi kwa miguu kulifagia lile kaburi. Alikuwa na usemi wake: kaburi lisilofagiwa ni mtoto aliyesahauliwa sokoni. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Kiangazi hicho ninachokisimulia hakuweza tena, na alijua kwamba mvua zikirudi huenda zisimkute. Akatuomba sisi twende na baiskeli ya baba, mimi na kaka yangu mkubwa niliyemwita yaya. Tulifagie, tulimwagie unga kidogo mweupe, turudi tumwambie tulivyolikuta. Hakutaka kitu kingine.

Ah, jinsi tulivyoipanga safari ile! Jioni za baridi ya mwezi wa sita tuliizunguka mbabula, na yaya alichora njia kwenye majivu kwa kijiti. Nkambo aliinama na kusahihisha kwa kidole. Hapa kuna daraja lisilo na kingo, mushuke. Hapa kuna chemchemi, maji yake ni mazuri. Hapa kuna bantu ya kuchoma makaa, mubasalimie kwanza, basiwadhanie wezi. Mimi na yaya tuligombania nani atapiga pedali.

"Wewe utakaa nyuma kama gunia ya unga," yaya aliniambia.

"Na wewe utalia kwenye mulima."

Nkambo alicheka hadi akafuta macho. Sijui kama alishawahi kuizungumzia Kilomita Kumi na Sita kwa furaha kabla ya jioni zile.

Jumamosi ya kwanza aliamka kabla ya jogoo, akakaanga vitumbua, akachoma viazi vitamu, akajaza chupa munkoyo, togwa letu la mahindi, na kuiziba kwa gunzi. Chakula alikifunga katika majani ya ndizi, mafungu matatu, kila moja na kamba yake. Hatukuuliza kwa nini matatu na sisi tuko wawili. Tulidhani la tatu ni la njia ya kurudi.

Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya salongo. Ilikuwa lazima kila nyumba itoe watu wafyeke majani na kuzibua mitaro, na tulipoachiwa jua lilikuwa utosini. Yaya akasema tumechelewa. Tukakaa nyuma ya nyumba, tukala fungu lake, tukala langu, la tatu tukagawana.

Juma lililofuata mwiba ulitoboa tairi. Lililofuata shuleni walitushika kwa mazoezi ya kucheza ngoma za chama, kwa sababu mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Ningependa kukuambia kwamba hizo zilikuwa sababu. Mwanzoni zilikuwa. Kisha tukagundua kwamba safari iliyoahirishwa ina vitumbua vilevile, bila jasho. Tulipenda kupanga kuliko kwenda, na kula kuliko vyote viwili.

"Ni juma ingine?" nkambo aliuliza.

"Juma ingine, Nkambo."

Naye akakaanga tena.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo tulirudi kutoka salongo tukakuta mbabula imepoa, na kitanda chake kitupu. Ufagio wake mdogo haukuwepo. Baba alitoka mbio kuelekea relini. Lakini ni watu wa reli waliomleta, jua likiwa linashuka, juu ya kitoroli chao. Walimkuta ameketi juu ya taruma la zamani, kando ya daraja lisilo na kingo, pale reli ya Kipushi ilipokuwa bado inatumika, hajafika hata nusu ya njia. Miguu ilikuwa imevimba kama mitungi. Mapajani alishika mafungu matatu, hayajafunguliwa.

Yaya alilia. Mimi nilimwambia nkambo tutaenda kesho, kesho kabisa.

"Kesho yenu naijua," alisema, bila ukali. Akatugawia fungu moja moja. La tatu akalibakiza. "Hii haikukuwa yenu hata siku moja. Ni ya mutoto wangu."

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Katikati hapo zilikuwepo Jumapili kadhaa, na baiskeli ilikuwa nzima. Sina sababu ya kukupa. Tuliona aibu, na aibu ya mtoto haina miguu. Yaya baadaye alivuka mpaka wa Kasumbalesa kutafuta maisha, akazikwa huko ng'ambo.

Wajukuu wangu waliondoka asubuhi iliyofuata. Walipokwisha kutoweka barabarani nilimwomba mama yao anikaangie vitumbua, nikavifunga mafungu matatu, nikapanda pikipiki ya kukodi. Njia ya kokoto imeliwa na magari ya mizigo. Miti imekuwa makaa zamani. Kabla ya kufika Kilomita Kumi na Sita kuna uzio wa mgodi, na mlinzi kijana aliyenisikiliza kwa heshima hadi mwisho.

"Muzee," alisema, "kule hakuna kichuguu tena. Iko shimo tu."

Nilikaa kando ya uzio. Nilikula fungu langu, kisha la yaya. La tatu nililishika mkononi, nikitafuta mahali pa kuliweka, mpaka likapoa.