Peironela na Tanuru Lililozibwa

Udongo wa kaburi la fundi Gui ulikuwa haujakauka pale wakuu wa chama cha mafundi wa Limoges walipofika nyumbani kwake wamebeba ndoo ya udongo mwingine, wa mfinyanzi. Waliuziba mdomo wa tanuru, wakapiga muhuri, kisha wakamwambia mjane wake, Peironela, kwamba moto wa fundi hufa pamoja na fundi.

"Basi nizikeni na mimi," akajibu. "Nyuso zote za watakatifu kwenye mabamba yaliyotoka humo nimezichora mimi. Gui alikuwa anakata shaba na kuchochea kuni."

"Pole na msiba, mama," alisema Aimeric, mkuu wao, akijipangusa mikono. "Huzuni inakusemesha."

Huzuni haikuwa imemsemesha uongo. Mtaa mzima ulijua ni nani aliyesaga kioo cha rangi hadi kikawa unga, akakilaza juu ya bamba la shaba kwa ncha ya unyoya, akalichoma, akalirudia, hadi buluu ya vazi la Bikira ikakolea. Hata hivyo, jina lililogongwa nyuma ya bamba lilikuwa la Gui. Sasa, bila tanuru, Peironela alibakiwa na njia moja tu: kuolewa na fundi mwingine. Aimeric alikwisha kumchagulia.

"Mpwa wangu ana mikono mizuri."

"Mizuri kwa kushikia kikombe cha mvinyo."

Ikafika Jumapili moja ya Kwaresima. Kabla ya komunyo, kibao cha amani hupitishwa mkono kwa mkono, na kila muumini hukibusu kuonyesha kwamba hana ugomvi na mwenzake. Kibao cha parokia yetu kilikuwa kazi ya Peironela mwenyewe: Bikira amempakata Mwanawe aliyekufa. Wake wa wakuu walikibusu kwanza, baada ya kusukumana kidogo kama kawaida yao. Kilipomfikia, Peironela alikishika tu, asikibusu.

"Busu, mama, watu wanangoja," alinong'ona mtumishi wa altare.

"Kukibusu ni kusema nina amani. Sina. Unataka nimdanganye Mungu nyumbani mwake?"

"Makubwa haya!" alisema jirani yake Narda, mke wa mwoka mikate. "Hebu lete hapa."

Tulidhani atakibusu. Akakipitisha nyuma, midomo ameikaza. "Mimi leo mdomo unaniuma."

"Ungeanza kukuuma mapema, shoga, tungepumzika," akasema mwanamke wa nyuma, naye akakipitisha. "Wangu pia unauma."

Kicheko kikapita safu hadi safu, na kibao kikarudi altareni bila busu jingine.

Padre Jaufre, mtu mwoga aliyezoea supu ya mezani kwa Aimeric, siku hiyo alikosa pa kujificha. Baada ya misa aliwatangazia wakuu kwamba mwenye ugomvi na mjane asimjie kutaka komunyo ya Pasaka. Mke wa Aimeric akamgeukia mumewe mlangoni pa kanisa, watu wote wakisikia:

"Mimi Pasaka yangu siikosi kwa ajili ya matope yako, bwana. Nenda kayabandue."

Akaenda. Muhuri ulivunjwa Juma Kuu, na Peironela akawasha moto. Bamba la kwanza lilipotoka, kioo kiking'aa kama asali mbichi, wanawake waliojaa uani walipiga vigelegele, na oda mbili zikaingia kabla halijapoa.

Lakini wakuu wamesema ruhusa hiyo ya kuwasha tanuru ni ya huruma, nayo itakoma Pentekoste. Huruma! Mtu aliyenyang'anywa mali yake hahurumiwi, hurudishiwa.

Kwa hiyo nawaambia ninyi, Aimeric na wenzako: itisheni kikao kabla ya Pentekoste, milango ikiwa wazi. Andikeni katika kanuni za chama kwamba mjane aliyefanya kazi ataendelea na tanuru, aolewe asiolewe, na kwamba kazi yake itagongwa jina lake. Mkishindwa kuandika hivyo, vueni mikufu ya ukuu, muwaachie watakaoweza.