Kisu cha Nusu Tupa

Kisu changu kile kilinigharimu kuku mmoja mtetea, kibaba kizima cha mafuta ya nazi, na kicheko cha kijiji. Nimehesabu mara mbili. Kicheko ndicho kilichokuwa ghali.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Nyangamara. Shamba la mihogo lilikuwa la wote, lakini kisu cha kumenyea ulijitafutia mwenyewe, na mgao wa makopa, mihogo iliyokaushwa, ulifuata vikapu ulivyomenya. Changu kilikuwa kimeisha kwa kunolewa, kimebaki kijiti. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi na ahadi. Mume wangu yuko mkongeni, kibarua kwenye mashamba ya katani, watoto watatu wananitazama mikono.

Nikaenda kwa Mzee Mchopa, mhunzi wetu. Kwake mwisho wa mwanamke ulikuwa gogo, hatua ishirini kutoka kwenye mvukuto. Akilivuka, eti chuma hukataa.

"Shikamoo, mzee. Naomba unifulie kisu."

"Marahaba. Mwambie mumeo aje."

"Yuko mkongeni."

"Basi mngoje."

"Mimi nitamngoja, mzee. Njaa sijui kama itakubali."

Akacheka, akaendelea kugonga. Nikajisemea, chuma hakijui kanga, nitakifanya mwenyewe.

Utingo mmoja wa lori alikuwa na tupa kuukuu ya kunolea mapanga, akataka kuku wawili. Nikamwambia, "Tupa yako kipara, baba. Kuku wangu ana meno kuishinda." Akachukua mmoja.

Nikaichoma kwa vifuu mpaka ikawa nyekundu, nikaizika kwenye jivu ipoe yenyewe, ikalainika. Siku nne nikaisugua jiweni hadi ikapata umbo la kisu. Ikabaki kutia matiko, yaani kukipa chuma ugumu. Hilo nililijua, au nilidhani nalijua: miaka yote pale gogoni nilisikia chuma cha moto kikizama majini, chwaaa! Nami nikakipasha hadi chekundu, nikakitosa mtungini. Chwaaa! Nilipokinoa, kikanyoa malaika ya mkononi.

Asubuhi shambani nilitamba sana. Muhogo wa tatu, nikakibinya penye shina. Ta! Vipande viwili.

"Chuma kimekataa!" wanaume wakapiga kelele, na shamba zima likaangua kicheko.

Nikavibeba vipande hadi gogoni. Mzee Mchopa akaja, akatazama palipokatika, akanikemea: "Umetia matiko, hujakirudisha motoni! Chuma kikitoka majini kina hasira. Unakipasha tena kwa moto mdogo, kiive rangi ya korosho. Wewe unatosa tu, kama unaosha mchele?"

Hapo nikaelewa. Kazi ya kwanza, ya kutosa, ina sauti; ya pili haina. Mimi nilijifunza kwa masikio kwa sababu macho yangu yalizuiwa gogoni. Na mzee, aliyeninyima kisu nilipoomba kwa adabu, kwa hasira zake akanipa ufundi bure.

Nikachukua kipande kirefu, nikakichonga ncha upya. Safari hii maji niliyaogopa; nikakipasha hadi chekundu, nikakizima kwenye mafuta ya nazi yenye uvuguvugu. Nikakisugua king'ae, nikakilaza juu ya mchanga wa moto kwenye kigae changu cha kukaangia korosho. Hapo, mwanangu, hakuna mhunzi wa kunifundisha rangi. Kilipogeuka manjano ya korosho iliyoiva, nikakitoa.

Msimu ule watoto hawakulala njaa. Nami nikaenda kwa Mzee Mchopa, nikavuka gogo, kisu mkononi. Akakibinya juu ya fuawe yake ya kufulia chuma, kikapinda kidogo, kikarudi.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, mzee. Uliponitukana."

Akaushika mvukuto. "Basi usisimame penye mwanga wangu."

Nikasogea kando. Nyuma ya gogo sikurudi tena.

Mwanangu, wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kweli, inama. Lakini ukiwekewa gogo usiliinamie, livuke. Fundi akikutukana, yapepete matusi yake kama mchele, chuya tupa, punje weka. Na kazi yoyote uliyoijua kwa kusikia, ulizia sehemu yake isiyo na sauti. Mungu akupe makali, na akurudishe motoni kidogo, usije ukakatika mbele za watu. Amina.

Na yule aliyeazima kisu hicho Ijumaa, akirudishe. Kikiwa na pengo, aje na kuku.