Tulivyofundisha Kuchomelea kwa Chelewa

Siku yangu ya kwanza kazini, Fomeni wa karakana ya kiwanda cha mbao pale Ikwiriri hakuniuliza hata jina. Alinipa ngao ya uso, kishikio na boksi zima la rodi, zile fimbo nyembamba zilizovikwa dawa, ambazo umeme huziyeyusha ziunge chuma na chuma. Kisha akanisogezea lundo la vyuma chakavu.

"Choma boksi lote," akasema. "Likiisha njoo uchukue jingine. Usinionyeshe kitu mpaka nikuite."

Wiki mbili nilichoma bila kuunga kitu cha maana. Rodi zilinata, zikakatika, zikatoboa vyuma. Nilichungulia moto bila ngao kama mjinga, kesho yake macho yakawa kama yamejaa mchanga, mama akanibandika vipande vya viazi. Fomeni alicheka mpaka akakaa chini. Lakini boksi la tatu likielekea kwisha nilianza kuusikia moto. Ukiwa sawa, unatatarika kama samaki kwenye mafuta. Nikagonga ganda, ule uchafu mgumu unaofunika mshono, likabanduka kirahisi, na chini yake mshono umelala vizuri. Fomeni akaupiga kwa nyundo mara tatu, akanipa kazi.

Siwasimulii haya, vijana, ili mnisifu. Nataka mjue chuma kilichoharibiwa mpaka mimi nikawa fundi, kwa sababu baadaye niliwanyima wengine haki hiyo hiyo. Nina hasira mpaka leo, na sehemu kubwa ni hasira juu yangu mwenyewe.

Kiwanda kilipofungwa nilihamia kikosi cha matengenezo ya pantoni. Huko nilijifunza kuchomelea nimelala chali, cheche zikiingia kwenye kola. Meneja wa kikosi alikuwa na desturi moja. Kila ukimaliza kuunga bamba la kupitishia magari, alipanda juu yake yeye mwenyewe, akasimama, na gari la kwanza likapita ubavuni pake.

"Kama unauamini mshono wako, panda tusimame wote," alituambia.

Tulipanda. Sikumbuki hata mmoja aliyekataa, ila namkumbuka mwenzetu mmoja aliyeomba dakika kumi arudie kona ya kushoto.

Mgongo ulipochoka kulala chini, nikapata nafasi ya kufundisha katika chuo kimoja cha ufundi, Kibiti. Mashine zilikuwepo. Rodi ndizo zilizokuwa shida. Zilikuja kidogo, zikaja kidogo zaidi, kisha hazikuja. Vijana walitoka Mtawanya, Umwe na visiwa vya delta, wakakaa kwenye benchi wakizitazama mashine kama watu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Niliona aibu. Siku moja nikabomoa ufagio wa nyumbani, mke wangu akanifokea, nikaenda darasani na chelewa zake, zile njiti za makuti. Chelewa ya mnazi ina unene wa kukaribia rodi. Nikaibana kwenye kishikio, umeme umezimwa, nikawaonyesha umbali, mlalo na mwendo wa mkono. Na kwa kuwa rodi ya kweli hupungua kadiri inavyowaka, mwanafunzi wa pili alikaa pembeni na mkasi, akiikata chelewa kidogo kidogo ili mwenzake ajifunze kuushusha mkono.

Nilijiona nina akili sana. Nilikusudia tufanye vile kwa mwezi mmoja tu.

Mkuu wa Chuo alipoona alifurahi kupita kiasi. "Mwalimu Abdala, huu ndio ubunifu tunaouhubiri kila siku!" Akaleta wageni, wakapiga picha za vijana wetu wakichomelea hewa. Mwaka uliofuata nikaandika barua ya kuomba rodi. Ilirudi imeandikwa na Mkuu kwa wino mwekundu: *Mbinu mbadala ipo. Iendelee.*

Nikaenda ofisini kwake moto moto.

"Mkuu, chelewa haiungi chuma."

"Wanafunzi wanafaulu au hawafaulu, Mwalimu?"

Walikuwa wanafaulu, na nilijua kwa nini. Siku ya mtihani wa vitendo kila mwanafunzi alipewa rodi tatu. Mkaguzi kutoka nje alikuwa akinywa chai ofisini, akisubiri kuletewa vipande vilivyokwisha. Mtoto wa watu akiwasha rodi ya kwanza inanata, ya pili inanata, ananigeukia macho yamemtoka. Nikawa naweka mkono wangu juu ya mkono wake, tunaikokota rodi ya tatu pamoja mpaka mwisho. Nilifanya hivyo kwa mmoja, nikafanya kwa wote. Kila kipande kilikuwa na jina la mwanafunzi, na kila mshono ulikuwa wangu.

Zainabu alitoka Maparoni. Hakuna aliyekuwa na mkono uliotulia kama wake. Kwa chelewa alikuwa wa kwanza darasani. Alirudi kwao na cheti, na kijiji kikamsubiri kwa hamu, maana ngazi ya chuma ya kushukia kwenye boti ilikuwa imekatika vidato, na wajawazito na wazee walishukia kwenye tope hadi magotini. Mwenyekiti wa kijiji akaazima jenereta na mashine. Watu wakajaa kumwona binti yao. Rodi ya kwanza ikanata. Akaivuta, akawasha tena, ikanata. Alipoupata moto, hakujua kuutuliza, akatoboa tundu kwenye mhimili wa ngazi ambao hapo awali ulikuwa mzima. Watu wakaguna, kisha wakacheka. Wakaita fundi wa Nyamisati.

Wiki iliyofuata Zainabu alinijia chuoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza neno moja. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba mimi sijui."

Nikaanza kumweleza habari za barua, za Mkuu, za wino mwekundu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza tena, kwa sauti ile ile: "Ulijua, Mwalimu?"

"Nilijua."

Akaaga, akaenda zake.

Nilistaafu mwaka ule ule. Kwenye sherehe ya kuniaga, Mkuu wa Chuo aliwasimulia wageni habari za chelewa kwa kirefu. Nilipopewa kipaza sauti nikasema wazi: mishono yote ya mitihani ile ni yangu, vijana hawakuunga hata mmoja. Wakapiga makofi. Walidhani ni utani wa mzee anayejivunia wanafunzi wake. Nikarudia. Wakapiga tena, na mama mmoja akapiga vigelegele. Nilikaa chini, nikaletewa pilau.

Wako wanaoniambia nisijitese, kwamba nilifanya nilichoweza kwa nilichokuwa nacho. Maneno hayo nayachukia. Kama ningewaacha vijana wakae bila kitu, wazazi wangelalamika, na pengine rodi zingekuja. Mimi niliziba tundu lile kwa ufagio, likaonekana limezibwa.

Baada ya kustaafu nilinunua mashine iliyotumika na maboksi matatu ya rodi, nikavipakia kwenye boti hadi Maparoni. Zainabu nilimkuta shambani, anaamia ndege kwenye mpunga. Nikamwambia nimekuja kumfundisha, aharibu chuma anavyotaka, mimi sina haraka na sidai chochote.

Alinikaribisha kivulini, akanipa maji.

"Mwalimu, nitakaa vipi mbele ya watu hawa nijifunze?" akasema. "Cheti changu kinasema najua."

Sahihi iliyo chini ya cheti hicho ni yangu.