Upanguse, Usiupige

Nakumbuka Ijumaa moja, nikiwa msichana mwembamba mwenye mikono isiyotulia, nilivyokaribia kukosa shindano langu la kwanza kwa sababu ya neno moja la Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo. Weka hiyo raketi chini kidogo, mjukuu wangu. Mechi yako ni kesho, na habari yangu si ndefu.

Nyumba yetu ya mtaa wa Kuze ilikuwa na chumba cha chini chenye joto la tanuri. Humo shangazi yangu Mwanaidi, dada yake baba, aliweka meza ya kuchezea mpira wa meza, akatufundisha sisi wasichana wa mtaa. Tulifunga mlango, tukatundika buibui zetu misumarini na kujifunga leso viunoni, na vicheko vyetu vikasikika hadi njiani. Jumamosi wasichana wa mtaa wa Tudor walikuwa waje kucheza nasi. Niliutaka mchezo ule kuliko nguo mpya ya Idi.

Tatizo langu lilikuwa kuanzisha. Sheria unaijua: mpira udunde kwanza upande wako, uvuke wavu, udunde upande wa mwenzako. Wangu ulidunda kwangu, ukapaa, ukaenda zake ukutani. Na kadiri ulivyotoka ndivyo nilivyozidi kuutandika. Si unanijua? Hata leo mlango ukikwama nausukuma kwa bega.

"Wee mwana, wateza au waua nge?" shangazi akaniambia. "Usiupige mpira. Upanguse!"

Nikasema labeka, haraka haraka. Nikauokota mpira, nikashika pembe ya leso, nikaupangusa huku na huku mpaka ukang'aa. Nikauanzisha. Ukagonga ukuta uleule.

"Umeupangusa?" akauliza shangazi, amegeuka kumrekebisha mwingine.

"Nimeupangusa, shangazi."

"Basi pangusa zaidi!"

Nikapangusa zaidi. Hata pumzi niliupulizia, kama miwani. Mpira ukatoka tena, na shangazi akachoka: kama hadi adhana ya Magharibi sijaushusha mezani, kesho angecheza binamu yangu Rukia. Rukia ni mtu mwema sana, lakini alasiri ile sikumpenda hata chembe. Machozi yakanilengalenga, nikakaa chini nikaendelea kuusugua mpira wangu.

Hapo ndipo shangazi aliponiona. "N'nini hicho ufanyacho?"

"Naupangusa, shangazi. Si wewe ulonambia?"

Akanitazama mimi, akaitazama leso, akaketi juu ya meza akacheka mpaka miwani ikamtoka. Rukia akacheka. Nami, huku nalia, nikajikuta nacheka.

Kisha akanishika mkono. "Nduguyo akijipaka unga shavuni, wampangusaje? Ukikaza, atalia. Ukilegeza mno, unga wabaki. Basi ndivyo." Akaipitisha raketi nyuma ya mpira, kutoka chini kwenda juu na mbele, ikiugusa ngozi tu, ili mpira uzunguke ukielekea mbele. Nikajaribu. Wa kwanza uligonga boriti za dari, wa pili ukalala wavuni. Nikajaribu tena na tena, hadi mmoja ukavuka polepole, ukainama wenyewe kama uliokumbuka jambo, ukagusa meza na kuruka mbele kwa kishindo. Nilipiga ukelele hadi mama akashuka ngazi akidhani nimeumwa na huyo nge.

Kesho yake tulifika pointi ya mwisho, mimi na Furaha wa Tudor, msichana mrefu asiyekosa mpira. Mkono uliniwasha kuutandika. Nyuma yangu Rukia akanong'ona, "Leso!" Nikacheka, na kicheko kile kikanilegeza kiwiko. Nikapangusa. Furaha alikuja akitabasamu, akiuona mpira wa kitoto. Ukamrukia juu ya raketi, ukampita, ukatumbukia kwenye sinia ya kaimati tuliyowaandalia wageni.

Chumba kizima kikalipuka. Furaha mwenyewe ndiye aliyenikumbatia kwanza. Shangazi akauchomoa mpira, shira ya sukari inachuruzika, akaninyooshea. "Huu sasa," akasema, "upanguse kwa leso."

Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mkubwa wako akikupa neno, usikimbilie labeka, muulize, "Vipi?" Hataona umekosa adabu, ataona umesikiliza. Na jambo likikukataa kwa nguvu, usiongeze nguvu. Punguza, uliguse vizuri, utafute linazunguka upande gani. Mimi nimelea watoto hivyo, na nimeishi na babu yako hivyo, na yeye hakuwa mpira mwepesi. Na wakikucheka wanaokupenda, cheka nao, maana mkono wa mwenye kununa haulegei.

Mola aulegeze mkono wako pale ulipokazana, na aukaze moyo wako pale ulipolegea. Akupe wenzi wa kukunong'oneza neno la kukuchekesha saa ya mwisho. Nenda kacheze, na mimi nitakuja na kaimati. Nitaziweka karibu na meza.