Milamula Miwili ya Alinda

Mvua za masika zikinyesha Kitendaguro, vyoo vya majirani wa juu vilinuka hadi jikoni kwetu. Harufu ile ilichanganyika na moshi wa kuni mbichi na mvuke wa ndizi zilizokuwa zikiiva chunguni, na sisi watoto tulikula humo humo bila kukunja pua, maana hatukujua kama kuna nyumba zinazonuka vingine. Maji tuliteka bondeni, kwenye chemchemi iliyokuwa chini ya vyoo vyote hivyo. Yalikuwa safi kwa macho, ya baridi, na watu wazima waliyasifu. Ndiyo yaliyomuua mdogo wangu Alinda, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Alianza kuharisha Jumapili asubuhi. Mama alipofika naye zahanati, mgongoni alikuwa amebeba maiti. Hasira yangu juu ya chemchemi ile haijapoa, na sitaki ipoe.

Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kama Wahaya tunavyozika watu wetu kwenye migomba. Bibi alimfunga kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, mwinjilisti akasali, na baba akasimamisha msalaba wa mbao ambao mchwa waliumaliza upesi. Mama akapanda milamula miwili, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mulamula ni mmea mgumu kufa. Ukichomeka kijiti chake ardhini, kinashika. Kwa sababu hiyo ndio tunaoutumia pia kuwekea mipaka ya vibanja, na mtoto yeyote wa Kihaya anajua kwamba penye mulamula ndipo shamba la mtu linapoishia.

Masika yaliyofuata zikaja habari za bomba. Mji ulikuwa unapanga kufikisha maji mitaa ya pembeni, na tukaambiwa mabomba ya majitaka yangefuata baadaye. Mama, ambaye tangu msiba alikuwa haongei na watu, alisimama kwenye mkutano wa mtaa akasema mpaka sauti ikamkauka. Alilitaka bomba lile kuliko mtu yeyote. Mkutano ukakubaliana lipite mipakani, asikatiwe mtu kibanja chake katikati, na kila nyumba ichimbe mtaro wa kipande chake.

Mpimaji alikuwa kijana wa Muleba, Mhaya mwenzetu, mpole, mwenye salamu ndefu. Siku aliyopita kwetu, sote tulikuwa Kemondo kwenye harusi ya binamu. Angekuwa mtu wa mbali, angesubiri aulize ile mimea miwili ni ya nini. Huyu hakuuliza, maana alijua. Aliona mulamula na mulamula mwenzake, akavuta kamba kati yao, akapigilia vigingi. Tuliporudi, mama alikikuta kigingi kimesimama juu ya kifua cha mwanawe, akakaa chini palepale na nguo zake za harusi.

Kijana alipoitwa, alishika kichwa. Aliomba radhi kwa Kihaya, kisha kwa Kiswahili, na naamini aliumia kweli. Lakini upande mmoja wa vigingi kulikuwa na msingi wa nyumba yetu, upande wa pili, penye mpaka wenyewe, mwamba. Kulizungusha bomba kulitaka vifaa ambavyo havikuwepo. Bila kipande chetu, maji yangeishia kwa majirani wa juu, na nyumba zote za chini yetu zingeendelea kuteka bondeni.

"Mama Koku," baba alimwambia, akimwita kwa jina langu mimi kifungua mimba, "tukikataa, hakuna wa kutulaumu."

"Na watoto wa huko chini wanywe nini?" mama akauliza. Akachukua jembe akampa. "Chimba. Lakini jembe lisimguse. Ukikaribia, tumia mikono."

Baba alichimba. Lubugo ilikuwa bado ipo, imeshikana na udongo. Mama aliipokea akaipakata mapajani hadi shimo jipya lilipokuwa tayari ubavuni mwa jiko, akahamishia na milamula yake. Hakulia. Mimi nililia, na majirani waliokuja kusaidia walitazama miguu yao.

Bomba lilifika. Leo naishi Rwamishenye, wanangu hufungua koki na kunywa bila kuwaza, na ninapowatazama wakinywa namkumbuka Alinda. Watoto wa nyumba za chini walikua, wengine sasa ni wazazi, na sidhani kama wanajua maji yao yalipitia wapi. Ila mabomba ya majitaka hayakufuata. Nyumba zimesongamana, vyoo vimeongezeka, na masika yakija jiko la mama linanuka vilevile.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake alipokuja mpimaji mwingine, wa majitaka safari hii, ameshika mashine inayosoma ramani yenyewe. Naye ni wa kwetu. Alitupia jicho milamula miwili pale ubavuni mwa jiko, akaanza kubonyeza bila kuuliza. Mama, ambaye siku hizi hutembea kwa mkongojo, alikwenda akakaa chini katikati ya mimea yake.

"Huo si mpaka, waitu," alisema, kwa neno letu la heshima. "Ni mtoto. Nilishamhamisha mara moja."

Kijana alishusha mashine. Akatazama mwamba, akatazama nyumba. "Sasa mae, mama yangu, bomba lipite wapi?"

Mama aliinua mkongojo akaonyesha jiko lake, lile lile alimotupikia sote, Alinda naye.

"Vunjeni hilo," alisema.