Mkono wa Kushoto wa Börje

Harufu ya utomvu wa msonobari hunirudisha, nipende nisipende, kwenye ukumbi wa michezo wa Hässelby, kule Sweden, karibu na kituo cha mwisho cha treni. Wachezaji wa mpira wa mikono hupaka utomvu huo vidoleni ili mpira usiwaponyoke. Sisi watoto tulikatazwa kwa sababu unachafua sakafu, lakini kocha wetu Börje alitembea na kikopo chake mfukoni. Hakuwa akipaka. Alikifungua, akanusa, akakifunika.

Majina nimeyabadilisha, na wenyewe wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo naona leo naweza kuwasimulia.

Börje aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Sweden. Mzazi mmoja alituambia kwamba enzi zake makipa walikuwa wakiona anakuja wanasali kwanza. Kisha akaacha ghafla, hata thelathini hajafika, bila goti kuumia wala nini. Mama yangu, mwanamke wa Ujiji, hakushtushwa na sifa hizo. Kilichomkera ni sisi kumwita mtu mzima jina lake kavukavu. Yeye alimwita Mzee Börje, na wakikutana dukani alimsalimu kwa upole nisiouelewa. Mama alikuwa anatunza wagonjwa kwenye nyumba moja hapo hapo mtaani, na habari za kazini hazikuvuka kizingiti chetu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, golikipa. Nilitaka kudaka kwenye mashindano ya masika, si kukaa benchi nikilinda chupa za wenzangu. Tatizo ni kwamba Börje alinirushia vipira vya huruma, kwa mkono wa kulia, vyote vikipita mbali na kichwa changu. Siku moja nikamwona anaandika ubaoni kwa kushoto. Mwanzoni nikadhani kunirushia kwa kulia ni adabu tu, maana Mama alinifunza kwamba mkono wa kushoto hautoi wala haupokei. Halafu nikapandwa na hasira. Nikaona mtu huyu ananibania.

Wiki chache kabla ya mashindano nilisimama golini, nikamwambia mbele ya wenzangu wote, "Nirushie kwa kushoto. Kwa nguvu zako zote. Au unaniogopa?"

Börje akauhamishia mpira kushoto, akapiga hatua tatu, akaruka. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akienda juu namna ile. Halafu huko huko juu akaukumbatia mpira kifuani, akatua, akaketi sakafuni uso umempauka. Wenzangu walicheka. Mimi niliwazidi wote. Kicheko kile ndicho kinachonijia mpaka leo nikiwa peke yangu, kikigonga kuta za ukumbi, na sijui nikizime vipi.

Nyumbani nilisimulia kwa majivuno. Mama akaacha kusonga ugali.

"Utamwomba radhi."

"Kwa nini? Yeye ndiye mwoga," nikajibu kwa Kiswidi, kama ilivyokuwa desturi yetu watoto wa kule.

"Usilolijua ni kama usiku wa giza," alisema, akaurudia mwiko wake. Mama alikuwa na methali ya kila jambo, hata ya soksi zilizopotea, basi nikaipuuza.

Wiki iliyofuata Börje hakuja, wala ile nyingine. Tukaletewa kocha mwingine. Mashindano nilidaka, tukafungwa mechi zote.

Nilipofika miaka kumi na sita nilipata kibarua cha likizo ya kiangazi kule kule kazini kwa Mama. Mlangoni akanishika mkono. "Utakayemwona humu, ukitoka hukumwona."

Chumba cha tatu alikuwamo mwanamume kwenye kiti cha magurudumu, shingo imelala upande, macho dirishani. Kando yake aliketi Börje, akimlisha uji. Ukutani palikuwa na picha ya vijana wawili wenye jezi za njano wamekumbatiana, mmoja amevaa suruali ndefu ya golikipa.

"Huyu ni Kent," Börje alisema. "Mpira wangu ulimpiga kwenye panja, mazoezini. Hakuwa tena yule yule."

Nikaanza kuomba radhi, nimechelewa miaka mitano. Akanizuia kwa kiganja.

"Naye aliniuliza kama namwogopa," alisema, akamfuta mwenzake mdomo.

Mama alilijua lote siku ile jikoni, akaona heri nimwone mkali bure kuliko kuitoa siri ya mgonjwa wake. Nami niliyedhani nabaniwa nilikuwa sijui kwamba kila nilipojipanga golini, Börje alimwona Kent amesimama pale. Hata hivyo alikuja, juma baada ya juma, mpaka nilipomcheka.