Kola ya Mshika Bendera

Lubbert Tymens alirithi kiwanda cha siki kutoka kwa mjomba wake, akairithi na harufu yake. Hilo la harufu hakulijua. Wengine wote hapa Haarlem tulilijua, hasa sisi tuliomkaribisha mezani, kwa sababu alikuwa mchumba wa mdogo wangu Aechte, na baba yetu kabla hajafa alikuwa ameshamkubalia. Alikuwa anakula samaki wa chumvi kwetu kila Ijumaa, anajisifu, anafuta mdomo, anaondoka. Chumba tulikuwa tunakifungulia madirisha hata wakati wa barafu.

Siki hutengenezwa kwa bia iliyoharibika. Kwa hiyo maisha ya Lubbert yalikuwa ni kusimama kwenye milango ya nyuma ya watengeneza bia, kofia mkononi, akingoja mapipa wasiyoyataka wenyewe. Na watengeneza bia ndio wakubwa wa mji huu. Ndio madiwani, ndio makapteni wa vikosi vya walinzi, na ndio wanaochorwa. Mtu mwenye akili angechukua mapipa yake akaenda zake kutajirika kimya kimya. Lubbert yeye alitaka kuingia kwa mlango wa mbele.

Mlango wa mbele ulikuwa ukumbi wa walinzi, ambako mimi nimekuwa nikitunza meza na mapipa tangu mume wangu afariki. Haya ninayosimulia niliyaona nikiwa nimeshika jagi.

Maofisa wetu kabla muda wao haujaisha huchorwa wote pamoja mezani kwenye turubai kubwa linaloziba ukuta mzima, na siku ya kulitundika hufanya karamu ya siku kadhaa, wakala mpaka hawawezi kuinama. Kapteni hukaa mwisho wa meza na tumbo lake, na wengine wanajipanga kwa vyeo. Lakini anayetazamwa ni mshika bendera. Yeye husimama, mkono kiunoni, hariri begani, amevaa rangi wakati wenzake wote wamevaa nyeusi. Na kwa desturi yetu mshika bendera lazima awe kapera. Wanasema ni kwa kuwa yeye hutangulia vitani na ndiye wa kwanza kufa, na hawataki kuacha mjane nyuma. Vita gani, jamani? Tangu enzi za babu yangu hakuna Mhispania aliyeisogelea bendera ile. Adui yake ni nondo. Lakini desturi ni desturi: siku akioa, bendera anairudisha, na kama picha haijamalizika, kichwa chake kinafutwa na kinachorwa cha mwingine.

Lubbert alipewa bendera kwa sababu aliinunua yeye mwenyewe, mpya, ya hariri ya samawati. Na pia kwa sababu mwaka ule familia za watengeneza bia zilikuwa na makapera wawili tu, mmoja kengeza na mwingine anaamka amelewa.

Alikuja kwetu jioni ileile, kifua mbele.

“Aechte mpenzi, harusi tuisogeze kidogo. Nichorwe kwanza.”

“Kuchorwa kunachukua muda gani?”

“Aa, si zaidi ya kiangazi kimoja. Halafu tunaoana. Hebu fikiria, wajukuu zetu watakuja kuniona pale ukutani!”

“Na mimi wataniona wapi?”

“Wewe si utakuwepo nyumbani? Watakukuta huko huko.”

Alipoondoka nikamwambia mdogo wangu, “Huyu mtu ni mjinga.” Akanijibu, “Dada nawe! Ni fahari tu ya mwanaume, itampita.” Haikumpita. Na yeye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tatu, na alichokuwa anakitaka duniani ni nyumba yake na mtoto wa kumpakata, basi.

Mchoraji alikuwa Wybrand, mtu wa hapa hapa, hodari wa mkono lakini ulimi wake haujui kusema hapana. Maofisa walikwenda kwake mmoja mmoja, kwenye chumba chake cha juu karibu na mto Spaarne. Kapteni alikaa mara mbili, mara zote akasinzia, na amechorwa vizuri tu. Wengine vivyo hivyo. Lubbert peke yake ndiye aliyekuwa haishi kwenda, maana alikuwa haendi kuchorwa, alikuwa anakwenda kujitazama.

Mwanzo alichorwa na ile kola ya duara yenye mikunjo, pana kama sinia. Ikatoka vizuri. Kisha kijana mmoja wa nyumba ya bia akarudi kutoka Amsterdam amevaa kola iliyolala bapa, ikashuka mabegani, na Lubbert alipoiona tu raha ikamwisha. Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Wybrand. “Futa,” akasema. Wybrand akafuta. Ikaja kola yenye lesi nyembamba pembeni. “Futa.” Ikaja ya lesi pana. “Futa.” Kila kola ilimgharimu mchoraji wiki nzima, na uso wa Lubbert ulikuwa bado ni doa la rangi ya kahawia, kwa kuwa mwenyewe alisema usiguswe mpaka kola iwe sawa.

Na kila kola ilitakiwa iwe nyeupe siku ya kuchorwa. Akitokwa jasho, haifai. Ikidondokewa na mchuzi, haifai. Ikinyeshewa njiani, na hapa kwetu mvua haina adabu, haifai. Sasa nani wa kuipeleka kwa mfuaji huko kwenye viwanja vya kuanikia, karibu na vilima vya mchanga, mwendo wa saa nzima kwa miguu?

“Usimpe mtumishi,” alimwambia Aechte. “Wewe una mikono ya mke, mpenzi.”

“Mikono ya mke ameiona,” nikamwambia Aechte baadaye. “Mke mwenyewe ndiye hajamwona.”

Akachukua kapu, akaenda. Nilikuwa na hasira naye karibu sawa na niliyokuwa nayo kwa Lubbert.

Mfuaji aliitwa Govert. Alikuwa mjane wa kiume, mrefu, mikono imechubuka kwa maji ya majivu, na nguo zake zikinuka mtindi, maana kitani hapa hulowekwa kwenye mtindi kabla ya kuanikwa juani. Hakuwa mtu wa kutazamwa. Ukipishana naye sokoni usingemkumbuka. Aliipokea kola ya kwanza bila neno, ya pili bila neno. Ile ya nne au ya tano akaishika mkononi, akamwangalia Aechte.

“Dada, samahani. Huyu bwana wako ana shingo ngapi?”

Aechte alicheka njia nzima. Alifika nyumbani bado anacheka, akanisimulia akiwa hajavua hata viatu vya mbao. Nami nikajisemea, sikumbuki mara ya mwisho Lubbert kumchekesha huyu mtoto.

Miaka ikaenda. Muda wa maofisa ulikwisha, wakachaguliwa tena wale wale, si ndio wenyewe? Picha ilikuwa imebakiza kichwa kimoja, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila walipotaka kulalamika Lubbert aliwanunulia pipa. Nyuma ya mgongo wake walikuwa wakimwita Bwana Siki. Mbele yake wakimwita mshika bendera wetu, wakisukuma vikombe niwajazie. Niliwajazia wote, nikiwadharau wote, ila yeye zaidi, kwa sababu wao walijua wanachofanya.

Rafiki za Aechte walikuwa na watoto wanaokwenda shule. Yeye alikuwa na sanduku la mashuka ya harusi aliyoyashona mwenyewe, na mashuka yale yalianza kuwa manjano kwenye mikunjo. Siku moja nikamwona ameyapanga ndani ya kapu, na kola ya Lubbert juu yake.

“Unayapeleka wapi?”

“Kwa Govert. Yamechakaa kwa kukaa.”

“Na Lubbert?”

“Nitampa nafasi ya mwisho, dada. Sitaki kesho aseme sikumwambia.”

Alimpa nafasi hiyo palepale ukumbini, siku ya kiangazi, nami napangusa meza ya pili. Lubbert alikuwa amesimama mbele ya kioo cha dirisha akijaribu bendera, mara bega hili, mara lile. Aechte akasimama nyuma yake.

“Lubbert, nina neno moja nataka kukuambia.”

“Kola imekauka?”

“Imekauka. Nisikilize.”

“Wanga umewekwa wa kutosha? Mara ile ililegea huku upande wa kushoto, Wybrand akasema inaleta kivuli.”

“Lubbert, nina miaka thelathini. Nataka kuolewa kabla ya majira ya baridi. Irudishe hiyo bendera.”

Hapo angalau aligeuka. Nitamshuhudia hilo, aligeuka. Akamtazama kama mtu aliyeombwa akate mguu.

“Sasa hivi? Sasa hivi wakati kola imekwisha patikana? Aechte, we mtoto mdogo? Bado uso tu! Nikiirudisha leo watamweka yule kengeza. Watu watakaa miaka mia wanamtazama kengeza!”

“Sawa,” Aechte akasema. Akaiweka kola mezani, akainyoosha lesi kwa vidole, akatoka.

Nilitaka nimpige yule mtu na jagi. Bia ilikuwa imejaa, nikaona ni hasara.

Jumapili ya pili yake matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani: Aechte na Govert mfuaji. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo niliweza kuona kisogo cha Lubbert, nacho kiligeuka chekundu mpaka masikioni. Baada ya ibada alinifuata mpaka ukumbini, anatweta.

“Shemeji, umesikia? Umesikia alichonifanyia mdogo wako?”

“Nimesikia. Na usiniite shemeji.”

“Kwa mfuaji! Mtu ananuka mtindi!”

“Wewe unanuka nini?”

Hakuelewa swali. Akakaa, akashika kichwa, na mimi nusura nimwonee huruma, kwa kweli, mkono ulikuwa umeshamfikia begani. Ndipo akainua macho yenye machozi akaniuliza, “Sasa kola ikichafuka, nani ataipeleka?”

Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilicheka kwa miaka yote saba.

Wybrand alimaliza uso kwa mchana mmoja. Alikuja kuninong'oneza siku ya karamu, wakati wanaume wanahangaika na kamba za kulinyanyua turubai. “Usinilaumu, mama,” akasema. “Ile kola nilikaa nayo nikaipenda. Uso nilipoufikia nilikuwa nimeshachoka naye.” Nikamwambia mimi simlaumu hata kidogo, nikampa kikombe cha bure.

Picha ipo mpaka leo, na ni nzuri, sitasema uongo. Kapteni anakaribia kupumua. Lakini jicho linakwenda moja kwa moja kwa mshika bendera, kwenye kola yake. Unaona kila uzi wa lesi, unaona wanga ulivyoikaza, unaona hata lile jua la kiwanjani lililoitakasa. Juu ya kola kuna uso. Ni unga uliokandwa ukasahauliwa kuokwa.

Lubbert hakuoa. Alipokuwa huru kuoa alikwenda kuulizia kwenye nyumba mbili tatu, na mabinti wakafungua madirisha. Bendera ilipewa mwingine karamu ilipokwisha. Watengeneza bia wakarudi kumpokea mlango wa nyuma. Kilichombakia ni ile picha, na kila Jumapili baada ya ibada aliingia ukumbini, akaagiza kikombe kidogo, akasimama chini yake, mkono kiunoni, kidevu juu, akingoja mtu amtambue. Alikuwa amenenepa, nywele zimekwisha. Wageni wengi hutupitia, maana watu wa miji mingine hupenda kuja kutazama picha zetu. Nimemwona akiwasogelea, akikohoa, akigeuza uso upande ule ule wa kwenye picha. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

Mwaka jana, Jumapili moja, Aechte alikuja kuniletea vitambaa vya meza vilivyofuliwa, na wanawe wawili wakimvuta sketi. Lubbert alikuwa mahali pake. Wakasalimiana kama watu waliowahi kupanga mtaa mmoja. Mara wakaingia mtu na mkewe kutoka Leiden, wafanyabiashara wa vitambaa, waliovaa vizuri. Walitembea kwenye picha zote bila kusimama. Walipofika kwenye ile yetu, mwanamke akamshika mumewe mkono.

“Ee Mungu wangu, hebu ona!”

Lubbert akakohoa. Akanyanyua kidevu. Nilimwona akijiandaa, uso wote unawaka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akafanana kidogo na ujana wake.

“Hiyo kola!” mwanamke akasema. “Tangu nizaliwe sijaona weupe kama huo. Jamani, ni nani mfuaji wenu?”

“Ni mume wangu,” Aechte akasema, akaendelea kuhesabu vitambaa.

Wageni wakataka jina, wakataka kujua kiwanja kilipo, kama anapokea kazi za kutoka Leiden, na kama anatumia mtindi wa ng'ombe au wa mbuzi. Aechte akawaelekeza. Yule bwana akasogea karibu ili aitazame lesi vizuri, akakuta kuna mtu amesimama njiani.

“Mzee, samahani, hebu pisha kidogo,” akamwambia Lubbert. “Kichwa chako kinaziba.”

Akapisha.